Sangara Aliyegoma Kula

Mwaka 2012 nyumbani kwangu Mwanza walikuwapo wawili waliogoma kula. Mmoja alikuwa sangara mchanga niliyemfuga sebuleni katika tangi la kioo. Wa pili alikuwa mama yangu mzazi. Imenichukua miaka mingi kuyaandika mambo haya mawili katika karatasi moja, kwa sababu si heshima mtu kumtaja mama yake pamoja na samaki. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyeanza kujilinganisha naye, tena akicheka, kwa hiyo nadhani alikwisha kuniruhusu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha somo la baiolojia katika shule ya sekondari. Mwezi Februari mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, alikuja nyumbani na ndoo ya maji. Ndani yake alikuwamo sangara wa urefu wa kiganja changu, aliyenaswa pamoja na dagaa. Kwanza nilimkemea, maana sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Ningepaswa pia kumwambia amrudishe ziwani. Sikumwambia. Nilikuwa na tangi la lita 400 nililotengenezewa na fundi wa vioo, na ndani yake walikuwamo sato wanne, wakubwa kiasi cha kutomezeka. Na kwa muda mrefu nilikuwa nimetamani kumtazama sangara akiwa hai. Sisi watu wa Mwanza tunamjua sangara aliyekwisha kufa: tunajua minofu yake inayokwenda Ulaya, mapanki yanayobaki kwetu, na mabondo yanayouzwa kwa bei kubwa. Akiwa hai ni kiumbe kingine. Mchana hujibanza kwenye kivuli cha jiwe, hatikisiki. Usiku ukimmulika kwa tochi, macho yake yanang'aa kama makaa.

Wiki za mwanzo nilimlisha furu, wale samaki wadogo wa kwenye miamba. Wanafunzi waliwavua kwa ndoana ndogo, nami nikawalipa kwa madaftari. Kumtazama sangara akila furu ni jambo la kushangaza hata kwa mtu aliyefundisha somo hilo miaka 15. Hamkimbizi sana. Humsogelea polepole, humtazama, kisha hufungua kinywa ghafla na maji yote yaliyo mbele yake huvutwa ndani pamoja na furu. Wewe unaona tu kwamba furu alikuwapo, na sasa hayupo.

Hata hivyo niliona haraka kwamba mambo hayo hayatadumu. Mvua zilipoanza watoto waliacha kwenda ziwani. Furu wengine waliletwa wakiwa na madoa meupe kama pamba, na baada ya siku chache sato wangu mmoja akapata madoa yale yale, akafa. Samaki hai wa kulishia huingia na magonjwa yao. Tena mfugaji anayetegemea windo hai ni mtumwa wa windo hilo. Akisafiri siku mbili, samaki wake anafunga siku mbili. Nikaamua kwamba sangara huyu atajifunza kula chakula cha kutengenezwa, kama wanavyokula sato wa mabwawani.

Nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba inawezekana, na sababu hiyo ilitoka katika ziwa lenyewe. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Chakula chake kikuu kilikuwa furu, ambao walikuwa wa aina mamia. Aliwala mpaka wakaadimika, na aina nyingi zikatoweka kabisa. Mtu angedhani kwamba mlaji angekufa njaa baada ya kumaliza chakula chake. La hasha! Sangara akageukia uduvi, akageukia dagaa, akala hata watoto wake mwenyewe. Baadaye wavuvi walipompunguza, baadhi ya furu wakarudi, naye akarudi kuwala. Hata katika maisha yake mwenyewe hubadilika: akiwa mchanga kabisa hula vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho, halafu wadudu na uduvi, halafu samaki. Basi nikajiambia, kiumbe aliyebadili mlo mara zote hizo hatashindwa kubadili mara moja zaidi kwa ajili yangu.

Chakula nilikitengeneza mwenyewe. Nilisaga dagaa wakavu, nikachanganya na pumba laini ya mahindi na mashudu ya alizeti, nikatia uji mzito wa unga wa muhogo ili vishikane, nikapitisha katika kinu cha kusagia nyama na kuanika juani. Dagaa walizidi vitu vingine vyote, maana samaki mla samaki anahitaji hivyo. Vikatoka vidonge vizuri vya rangi ya kahawia. Sato walivigombea. Sangara hakugeuka hata kuvitazama. Vilipita mbele ya pua yake, vikatua chini, vikaoza. Nilipomwekea vipande vya minofu mibichi navyo vikaoza, na maji yakawa kama maziwa. Siku ya sita bila kula alianza kukonda mgongoni, nami nikaanza kuogopa. Samaki mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki na zaidi bila chakula, lakini mchanga hana akiba. Nikashindwa, nikampa furu.

Huo ndio wakati mama alipokuja.

Baba alikuwa amefariki mwezi Desemba 2011, kwetu Ukerewe. Baada ya kuanua tanga, sisi watoto tulikaa kikao, tukaamua kwamba mama asiachwe peke yake katika nyumba ile. Mimi ndiye mkubwa, na nyumba yangu ina nafasi, basi akaja kwangu mwezi Machi. Sikumbuki kama kuna mtu aliyemuuliza katika kikao kile. Alikuwapo, ameketi mkekani na wanawake wenzake, nasi tukazungumza juu yake.

Mke wangu alimpokea kama mama yake. Alimpa chumba chenye dirisha la mashariki, akampikia vizuri: wali, nyama, kuku, maharage ya nazi, ugali wa sembe mweupe. Kila mara mama alishukuru, akamega matonge mawili au matatu, akanawa. "Nimeshiba, mama," alimwambia mke wangu. Wiki ya tatu pete yake ya ndoa ilianza kumpwaya kidoleni, akaifunga uzi ili isianguke. Nikampeleka hospitali. Walimpima damu, walimpima malaria na kisukari, wakamwangalia kifua; hawakuona ugonjwa. Daktari alinivuta pembeni, akasema mama mzima, ila anahitaji kula. Hilo nililijua kabla ya kulipa.

Nikaanza kumlazimisha. Sioni sababu ya kuficha. Nilikaa mbele yake nikihesabu matonge. Nilimnunulia maziwa ya unga ya bei ghali, nikamwambia bei yake, ili aone uchungu kuyaacha. Siku moja nilimwambia, "Mama, unatutia aibu. Watu watasema tunakunyima chakula." Alinitazama muda mrefu. Kisha akavuta sahani, akala wali wote, mpaka punje ya mwisho, bila kusema neno. Usiku nikamsikia akitapika uani. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena matonge.

Katika majuma hayo hayo nilikuwa nikihangaika na sangara, na nadhani nilihangaika naye zaidi kwa sababu kwa mama nilikuwa nimeshindwa. Niligundua kosa langu la kwanza kwa kukaa kitako na kumtazama. Sangara hakuwa anakataa dagaa. Alikuwa haoni kwamba kuna chakula. Kwake yeye chakula ni kitu kinachokwenda. Kitu kisichotikisika ni jiwe, ni jani, ni uchafu. Basi nilichukua furu aliyekufa muda huo huo, mbichi kabisa, nikamfunga uzi mwembamba wa kushonea kwenye ncha ya kijiti. Nikangoja jua lizame, maana jioni ndiyo saa yake ya kuwinda. Nikazima taa, nikabakiza mwanga wa ukumbini. Nikamtumbukiza furu na kumvuta polepole, nikamwacha kidogo, nikamshtua, kama samaki aliyeumia. Jioni ya kwanza sangara alifuata akarudi. Jioni ya pili alifuata, akagusa. Jioni ya tatu nikasikia kijiti kikitetemeka mkononi, na uzi ukarudi mtupu.

Niligeuka kwa furaha, nikamwona mama amesimama mlangoni amejifunga khanga yake. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Unamdanganya," alisema.

"Namfundisha, mama."

"Unamdanganya. Lakini naye anajua. Samaki si mjinga kiasi hicho. Amekubali kwa sababu anataka kuishi." Akakaa kwenye kiti, akamtazama sangara aliyekuwa amerudi kwenye kivuli chake. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwangu. "Huyu na mimi wamoja. Tumeletwa hapa kwa ndoo."

Baada ya hapo alikuja kila jioni. Nilimweleza hatua zinazofuata, naye alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kijijini. Nilimweleza kwamba sasa nitaacha furu mzima, nitumie ukanda wa minofu ya sato uliokatwa kwa umbo la samaki. Kisha ukanda huo utakuwa mfupi zaidi, na nitaacha kuutikisa kidogo kidogo, mpaka auchukue unapoanguka tu majini. Kisha nitaficha kidonge ndani ya minofu. Mwisho nitampa kidonge kilicholowekwa katika maji ya dagaa. Kila hatua ifuate akishaizoea ile ya kwanza, si kabla. Na kinachobaki kitolewe upesi, maji yasiharibike. Jambo gumu kuliko yote ni mfugaji mwenyewe kujizuia: ukimwonea huruma ukampa furu hai siku anapokataa, umemfundisha kwamba akigoma atashinda.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema mama. "Na mimi je? Mimi nimeshakauka."

Nilisema maneno fulani ya kumbembeleza, siyakumbuki. Hakuyajali. Aliuliza vidonge vile natengeneza wapi. Nikamwambia, uani, kila Jumamosi. Akasema dagaa niliowanunua ni wabaya, wana mchanga, wameanikwa chini. Hata samaki ana haki ya kuvikataa.

Jumamosi iliyofuata nilipotoka sokoni nilimkuta uani. Alikuwa ametandika mkeka chini ya mwembe na ameazima ungo kwa jirani. Alinipokonya mfuko wa dagaa, akaanza kuwapepeta na kuwachambua, wazuri huku, wabaya huku. Sikuwa nimemwomba, na mke wangu alinitazama kwa hofu, kwani katika nyumba yetu mama hakuguswa na kazi hata ya kuosha kikombe. Tulidhani hiyo ndiyo heshima. Kuna methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliifundishwa nikidhani ni maneno ya kumkomesha mgeni mvivu. Siku ile, chini ya mwembe, nilianza kuielewa kwa upande wa mgeni. Mama alikuwa ametimiza miezi miwili kwangu na bado hajapewa jembe. Katika maisha yake yote alikuwa hajala chakula ambacho mkono wake haukukilima, haukukivua, au haukukipika. Sahani zetu zilipita mbele yake kama vidonge vyangu vilivyopita mbele ya sangara.

Alipomaliza kuchambua alichukua konzi ya dagaa wazuri, akawasha mkaa, akawakaanga kavu kwenye kikaango bila mafuta, na kipande cha muhogo akakifukia kwenye majivu ya pembeni. Akala akiwa ameketi mkekani, kwa mkono, huku akitafuna taratibu na kuitazama barabara. Mimi nilijifanya nashughulika na kinu. Moyo ulikuwa unanidunda kama wakati ule kijiti kilipotetemeka, lakini nilikuwa nimejifunza kutogeuka.

Toka siku hiyo jiko la mkaa likawa lake. Mke wangu alinunua unga wa muhogo, na mama akasonga ugali wake mwenyewe, na baada ya muda akawa anatupikia sisi sote siku za Jumapili. Watoto wangu, waliozaliwa mjini, waliuona ugali ule mweusi na wa kunata, wakasusa. Mama aliwatania kwamba wataletewa kijiti na uzi.

Siku moja akiwa anapika alinisimulia jambo nililolijua vitabuni tu. Alisema walipokuwa wasichana walikula furu, ningu na sato. Furu walikuwa chakula cha kila siku cha watu wasio na fedha. Sangara alipoanza kuonekana kwenye nyavu, watu hawakumpenda. Walisema ana mafuta mengi mno, hafai kuanikwa juani kama samaki wengine, na ananuka vibaya. Ilibidi wajifunze kumbanika kwa moshi na kuni nyingi. "Tulimkataa," alisema mama. "Kisha tukatazama ziwani, tukaona hakuna mwingine. Tukamla. Sasa ninyi mnamwita samaki wetu." Kwa hiyo sangara alibadili chakula kwa sababu ya furu kuisha, na mama akabadili chakula kwa sababu hiyo hiyo, katika maji hayo hayo.

Mwezi Julai sangara alikula kidonge chake cha kwanza kikiwa kitupu. Sikumwangushia mimi kwa ajili yake. Nilikuwa nawalisha sato, nao wakavigombea kwa fujo, na katika fujo hiyo sangara akatoka kivulini akanyakua kimoja, akakitema, akakinyakua tena, akameza. Nimesoma na kuona mwenyewe kwamba hivi ndivyo wengi wao wanavyomalizia somo: kwa kuona wenzao wanakula. Mpaka Septemba alikuwa anakuja mwenyewe mbele ya kioo akiona kivuli changu. Alinenepa. Niliwaita walimu wenzangu waje wamwone. Nilijivuna, nikasema huyu sasa ni wa hapa.

Mama alikuwapo nilipolisema neno hilo. Wageni walipoondoka aliniambia, kwa upole sana: "Mwanangu, unajua kwa nini sikula mwanzoni?"

Nikamwambia najua, alizoea chakula cha kwetu, na kazi.

"Hayo pia. Lakini niliogopa. Nilisema moyoni, nikishazoea chakula cha hapa, mtaniambia nimeshazoea hapa."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumeanza kusema. Juma lile lile nilikuwa nimempigia simu mdogo wangu nikamwambia mama amezoea, shamba la Ukerewe tulikodishe. Kila nilichofanya kwa ajili ya afya yake nilikifanya kwa mapenzi, Mungu anajua. Lakini ndani ya mapenzi hayo mlikuwamo pia tangi la kioo. Samaki anayekula vidonge ni samaki unayeweza kumweka. Sikuwa nimejiuliza kama yeye alitaka kuwekwa.

"Unataka kurudi, mama?"

"Nina miti yangu kule. Nina kaburi la kufagia."

Tulimrudisha mwezi Oktoba. Tulipanda meli ya asubuhi kwenda Nansio, familia nzima, na binti wa mdogo wangu akakubali kuishi naye. Meli ilichukua zaidi ya saa tatu, na mama alikaa nje upande wa upepo muda wote, akitutajia visiwa. Kule nyumbani alifungua mlango, akachukua ufagio kabla hajakaa. Tulilala siku mbili. Jioni ya pili nilimkuta amekwisha kula kabla yetu, amesahau kutungoja.

Nyumbani Mwanza umeme ulikatika usiku ule. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi katika maji kuliko sato. Pampu ikisimama, katika tangi dogo, hana muda mrefu. Siku nyingine umeme ulipokatika nilikaa na kikombe nikichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, hata saa nne mfululizo. Usiku ule hapakuwa na mtu. Tuliporudi sato walikuwa hai, wakihema juu ya maji. Sangara alikuwa chini, kando ya jiwe lake, mnene, ana tumbo lililoshiba. Nilimzika chini ya mwembe. Tangi niliwapa wanafunzi wakaweke sato tu, na sijafuga samaki mla samaki tena.

Mama aliishi miaka mitano mingine, katika nyumba yake, mpaka alipofariki mwaka 2017. Kila nilipokwenda kumwamkia, na kila aliponipigia kwa simu ya mjukuu wake, baada ya kuitikia shikamoo yangu aliuliza habari za mke wangu, za watoto, kisha akauliza, "Na yule ndugu yangu wa kwenye kioo, anakula?"

Sikuwahi kumwambia ukweli. Nilimjibu, "Anakula, mama."

"Basi," alisema, "na mimi nakula."